Mimi nilikuwa row ya pili: fetch moja ilivyotupoteza mimi na Tere

Wakuu, habari za jioni. Na wakuu wa kike pia, maana tupo humu ingawa mnapenda kutuita "bro" kwenye comments.

Wiki iliyopita kuna member aliuliza swali hapa. Ametumia prepared statement, ame-bind vizuri, ame-execute, hakuna error, lakini page inamwonyesha row moja tu, yaani mstari mmoja wa majibu, wakati kwenye database ziko kadhaa.

Mkamcheka. Mmoja wenu akamwambia arudi nursery. Mwingine akaandika "weka while, acha kutusumbua" na mambo yakaishia hapo.

Mimi sikucheka. Niliweka simu chini nikakaa kimya, mpaka mtoto wangu akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Nitawaambia kwa nini. Nitasema kama ilivyokuwa, na pale nimesahau nitasema nimesahau. Majina ya watu nimebadilisha ila herufi za kwanza ni zile zile, mitaa nimeiacha ilivyo. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mtoto wa Makongeni, Thika. Form four nilimaliza mwaka wa 1997, na niliyemaliza naye ni Teresia. Tulimwita Tere. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya yetu, dawati letu lilikuwa moja, na chemistry tuliipenda sawasawa, jambo ambalo wasichana wengine waliona kama ugonjwa.

Tulitaka kusomea kazi ya maabara. Wote wawili, chuo kimoja. Tulikuwa tumepanga hadi vitanda vya hosteli. Tere alitaka cha juu kwa sababu alisema mende hawapendi kupanda.

Karo ya chuo nyumbani haikuwepo, kwao wala kwetu. Lakini mama yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha familia moja ya Kihindi, na familia hiyo ilikuwa na mfuko wa kusomesha watoto wa Thika. Wakikuchagua, wanalipa kozi yote mpaka umalize. Tukaomba, mimi na Tere, siku moja, kwa kalamu moja.

Fomu iliuliza jina, shule, alama, kozi, na box.

Hapa vijana nisikilizeni kidogo. Wakati huo hakukuwa na simu ya mfukoni wala email. Ukitaka kupatikana, ulihitaji sanduku la posta, na watu wa Makongeni wengi hawakuwa na lao. Tulitumia la kanisa. Jumapili misa ikiisha, karani wa parokia alisimama kwenye ngazi na bahasha mkononi akiita majina, na wewe unapita mbele kuchukua barua yako. Wa msikitini walikuwa na la msikiti, wengine la shule, wengine la kiwanda. Hakuna aliyeona ajabu. Ukiulizwa box unasema ya kanisa, basi.

Mwaka huo mfuko ukaamua kwenda na wakati. Barua zilikuwa zimechelewa mwaka uliotangulia na watu wakalalamika, kwa hivyo safari hii hakutakuwa na barua. Majibu yatawekwa kwenye Internet.

Aliyetengeneza hiyo page ni jamaa anaitwa Daudi. Alikuwa ametoka chuo kikuu juzi tu na bado alikuwa amepanga chumba Kahawa Wendani. Tulikuja kufahamiana baadaye, mtaona.

Page ilikuwa rahisi. Unaandika namba ya box yako, unabonyeza, inakuletea jina na kozi uliyopewa. Kama hakuna, inakuambia hakuna.

Kwa nini box na si jina? Daudi alikuja kunieleza mwenyewe. Watoto waliomaliza form four walikuwa hawajapata kitambulisho, na majina kila mtu anaandika anavyojisikia. Leo mimi ni Veronica Wambui, kesho ni Wambui Kariuki. Namba ya box ndiyo kitu pekee ambacho hakuna aliyekosea. Ukisikia hivyo unaona ana akili, na kweli alikuwa nazo.

Ila Daudi alikuwa mtoto wa walimu wawili. Kwao kulikuwa na box yao wenyewe, na funguo inaning'inia nyuma ya mlango. Alikua akijua kwamba kila nyumba ina box yake.

Tangazo likabandikwa kwenye lango la kiwanda. Angalia jibu kwenye kompyuta yoyote yenye Internet. Ukichaguliwa, fika ofisini ndani ya wiki moja uthibitishe. Usipofika, nafasi yako itapewa mwingine.

Kompyuta yoyote! Thika kompyuta zilikuwepo lakini zilikuwa za ofisi za watu. Iliyokuwa wazi kwa mtu kama mimi, tuliyoijua sisi, ilikuwa Ruiru kwenye bureau ya Bwana Rashid, mahali pa kuchapa barua na kutoa photocopy, na kwenye kona kompyuta moja yenye modem.

Tere alikuwa na malaria siku hiyo. Akaniambia niende na nimwangalizie yake. Nikaenda na mama, ambaye alibadilishana zamu na mwenzake.

Bwana Rashid alikuwa mtu wa Majengo, Thika, mwenye kofia safi na maneno ya pole pole. Akatuketisha. Modem ikalia vile zilivyokuwa zinalia. Page ikaja nusu, ikafikiria, ikaja yote. Akaandika namba ya box ya parokia.

Akasoma kwa sauti, "Teresia Wanjiru. Diploma ya maabara. Amechaguliwa."

Mimi nikapiga makofi. Kweli, wakuu, nilipiga makofi. Nikangoja aendelee.

"Na mwingine?" mama akauliza.

"Hakuna mwingine, mama. Ni huyu tu."

"Hebu finya tena."

Akafinya tena. Tere tena. Mama akamwomba mara nyingine, naye akafinya bila kununa. Kisha akatuangalia kwa huruma.

"Mashine haijui kupendelea, mama. Inasema ile kitu imeambiwa."

Tukatoka. Tulipofika stage ya matatu, mama akasema kama mtu aliyekuwa anajua tangu zamani, "Ni kanisa. Wamechukua mmoja kwa kila kanisa. Box moja, mtu mmoja."

Na mimi nikaamini. Ilikuwa na maana. Watu wengi wameomba, nafasi ni chache, wangegawaje?

Kufikia Jumapili ilikuwa sheria. Makongeni yote ilijua kwamba mfuko huchukua mmoja kwa kila box. Karani wa parokia alirudia neno hilo pale pale kwenye ngazi kwa sauti ya mtu aliyeambiwa rasmi. Kuna mama aliyesema hata mwaka uliopita ilikuwa hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelisikia jambo hilo kutoka kwa mfuko wenyewe.

Hili linaniuma mpaka leo kuliko code. Programu ilikosea, sawa. Lakini sheria tuliitunga sisi, tukaiheshimu sisi, na tukawakasirikia wenzetu kwa ajili yake.

Mtaniuliza, mbona hamkwenda ofisini kuuliza?

Nilitaka. Mama akakataa kabisa. "Wambui, pale ndio mimi nakula. Unaenda kuuliza mtu mbona hakukupea zawadi? Unataka waniambie nirudi nyumbani?"

Nilimwelewa. Alikuwa amesimama kwenye mashine za nyuzi tangu nikiwa mdogo, na kule neno moja lilitosha kukutoa. Kwa hivyo hatukuuliza. Jengo la ofisi nilikuwa naliona nikienda sokoni.

Habari nilimpelekea Tere mwenyewe. Alikuwa amejifunika blanketi, macho mekundu. Nilipomwambia amepita aliruka kitandani na malaria yake yote.

"Na wewe?"

"Wamechukua mmoja kwa box."

Akaketi. "Basi mimi siendi."

"Wacha ujinga, Tere."

"Siendi, Vero. Tutaombanga tena pamoja mwaka ujao."

Nikamwambia akithubutu kukataa hatutaongea tena maisha yetu yote. Akathibitisha. Yale ndiyo maongezi yetu ya mwisho mazuri, na nusu yake yalikuwa vitisho.

Baada ya hapo ikaja Jumapili moja nje ya kanisa. Mama yangu na Mama Tere walisalimiana, na katika kusalimiana mama yangu akasema, huku anacheka, "Kuleni pole pole, Mama Tere. Chakula cha wenyewe husakama."

Tere alikuwa amesimama pale. Mimi pia nilikuwa pale. Tere akaniangalia aone nitasema nini, na mimi nikaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Alienda chuoni bila kuja kuniaga. Sikumlaumu, na sikumfuata.

Miezi ikapita. Bwana Rashid akatafuta mtu wa kuchapa, na mimi nilikuwa nimejifunza kwa taipureta ya parokia. Nikahamia Ruiru, nikapanga chumba, nikaanza kazi kwenye bureau ile ile iliyoniambia hapana. Kompyuta ile niliifuta vumbi kila asubuhi.

Daudi alikuwa mteja wetu. Alikuja kutumia modem kupandisha page za watu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alikuwa na subira ya ajabu ya kufundisha. Mchana kukiwa hakuna wateja alikuwa ananionyesha Perl, lugha ya kuandikia programu. Na hapana, hatukuoana, najua mmeshaanza.

Mnaoanza leo mnapewa framework inafanya kila kitu. Mimi nilifundishwa hivi.

"Usichukue maneno ya mtu ukabandika ndani ya query yako, lile swali unaloiuliza database," Daudi alikuwa anasema. "Akiandika alama moja ya ajabu, query yote inaanguka. Ama anakuharibia database. Unatayarisha query kwanza, unaacha nafasi, halafu jibu lake linaingia kama jibu. Si kama amri."

Hiyo nafasi ni alama ya kuuliza. Unafanya prepare na alama ya kuuliza ndani. Unafanya execute na kumpa ile thamani. Halafu unafanya fetch kuchukua matokeo.

"Na usidhani database inakupea gunia lote," akaniambia siku nyingine. "Inakupea barua moja moja. Wewe ndiye unaendelea kuchukua mpaka ziishe."

Hayo maneno aliyasema yeye, kwa mdomo wake. Yakumbukeni mnapotaka kumtukana.

Mwaka wa 1999 alipata kazi ya shule fulani iliyotaka wazazi waone majibu kwenye page. Akaniambia hii nifanye mimi. Akanipa disketi.

"Kuna script ya zamani hapo, ile ya mfuko wa masomo. Badilisha majina ya table tu. Data ya zamani pia iko, tumia hiyo ku-test."

Nilijua ni mfuko gani. Nilitaka kumrudishia disketi yake, siwezi kudanganya, lakini kazi ni kazi.

Nikafungua code. Ilikuwa safi, wakuu. Ina maelezo, imepangwa, mtu aliyejivunia kazi yake. Query yenyewe bado naikumbuka:

SELECT jina, kozi FROM waliochaguliwa WHERE box = ? ORDER BY jina

Prepare ipo. Execute ipo, na namba ya box imepitishwa vizuri. Halafu fetch. Halafu inaandika jina kwenye page. Halafu mwisho.

Nikasoma tena. Nikadhani mimi ndiye sielewi, maana nilikuwa mgeni.

"Daudi, hapa mbona hakuna while, ile ya kurudia fetch mpaka majibu yaishe?"

Alikuwa anakunywa chai. "Hapo haihitajiki. Box ni moja, jibu ni moja."

"Na watu wawili wakiwa na box moja?"

Akacheka. "Nani ana-share box?"

"Mimi."

Bado alikuwa anatabasamu. Hakuwa ameelewa, na kusema ukweli hata mimi nilikuwa sijaelewa vizuri. Vidole vilielewa kabla yangu. Niliongeza while, nikafungua page, nikaandika namba ya box ya parokia.

Teresia Wanjiru. Diploma ya maabara.

Na chini yake, Veronica Wambui. Diploma ya maabara.

Nililiangalia jina langu kama ni la mtu mwingine mwenye jina kama langu. Nikafungua data yenyewe nikaangalia shule. Ni yangu. Alama ni zangu.

T inakuja kabla ya V. Hiyo tu. Tere alisomwa kwa sababu alikuwa juu, na programu ikafunga mlango ikaenda nyumbani.

Daudi alikuja nyuma yangu akasoma. Kwanza akasema, "Labda ni data ya test." Nikamwambia jina la test haliwezi kuwa langu na la rafiki yangu, na kozi tuliyoomba. Akachukua kiti. Akaanza kujaribu box zingine alizoona zimejirudia: ya msikiti, ya shule, ya kiwanda. Kila moja ilikuwa inatoa watu chini ya mtu. Sitaandika walikuwa wangapi. Wako watu Thika leo ambao huenda wanasoma hii, na hawajui.

Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo, "Vero, mbona hamkuenda kuuliza ofisini?"

Wakuu, nilikasirika vile sijawahi kukasirika. Nilisimama nikamwambia mbele ya wateja, "Na wewe mbona hukuuliza watu wanapataje barua? Umezaliwa hapa hapa! Umepita Makongeni mara ngapi?"

Bwana Rashid akaniambia niende nyumbani nipumzike. Alikuwa amesimama karibu na photocopy na nilimwona anajaribu kukumbuka ni wateja wangapi amewasomea jina moja na kuwaambia hakuna mwingine.

Nataka niwe mwadilifu kwa Daudi. Alienda kwa mfuko mwenyewe bila kusukumwa. Akaambiwa mpango ule ulikwisha, familia imegawana biashara, aliyekuwa anashughulika amehamia nje, na hakuna wa kupokea malalamiko. Akarudi kunieleza hayo akiwa amesimama, hakutaka kuketi. Nilimwamini. Kazi ya shule tuliimaliza pamoja, na hatukutaniana tena.

Mama nilimwambia Jumamosi hiyo. Alikuwa anatoa njugu kwenye maganda.

"Kwa hivyo haikuwa mmoja kwa kanisa?"

"Haikuwa, maitu. Walikuwa wamenichukua."

Akaendelea na njugu. Nilidhani atalia kwa ajili yangu. Lakini alichosema ni, "Na yale maneno nilimwambia Mama Tere." Njugu zile hazikupikwa siku hiyo.

Sasa kilichobaki ni Tere.

Mimi nilidhani yuko chuoni, anaendelea na masomo. Nilijipanga nitamwandikia. Nitamwambia kiti hakikuwa kimoja, hukunichukulia kitu, mimi sikuwa na sababu ya kukunyamazia. Nilienda kwao kuomba anwani.

Mama Tere alifungua mlango nusu. "Tere hayuko chuo. Alitoka zamani. Yuko Murera kwa shangazi yake."

Kumbe Makongeni walijua, hata mama yangu ila hakunitajia, na mimi nilikuwa Ruiru. Wengine walisema alifeli. Wengine walisema alikuwa mjamzito, kama kawaida yetu, msichana akirudi nyumbani lazima tumpe mimba.

Nikaenda Murera. Nilimkuta kwenye boma la kuku, kanga kiunoni, anachanganya chakula ndani ya karai. Aliponiona hakukimbia wala hakunikumbatia. Alisema tu, "Vero. Umenona."

"Ni chai ya Ruiru."

Akacheka kidogo. Nikadhani mambo yatakuwa rahisi.

"Tere, mbona uliacha?"

Aliendelea kukoroga. "Nilikuwa nikiitwa jina darasani nasikia ni kama wanakuita wewe na ni mimi naitika. Nikipita mtihani naona ni wako. Nikianguka ule wa vitendo nasema, ona, wangepatia Vero, Vero angepita."

"Na ukaacha kwa sababu ya hiyo?"

"Nilienda kwa principal. Nikamwambia kuna mtu Makongeni anaitwa Veronica Wambui, hii nafasi apewe yeye. Akaniambia haifanyiki hivyo. Nikasema basi nikitoka mimi labda itafanyika." Akapangusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja. "Haikufanyika?"

Nikatikisa kichwa.

"Mbona hukuniambia, Tere?"

"Ningekuambia nini? Wewe ulikuwa unafunga kiatu."

Hapo nikamweleza. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta, kwa hivyo nikamwelezea kwa karani wa parokia. Nikamwambia fikiria karani ametoa barua ya juu tu, akakuita, halafu akarudisha nyingine ndani akafunga. Barua yangu ilikuwa hapo hapo chini ya yako. Hakuna sheria ya mmoja kwa box. Haijawahi kuwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kuku walikuwa wamemzunguka miguuni wakimngoja.

"Kwa hivyo yako ilikuwa."

"Ilikuwa."

"Na yangu ilikuwa yangu."

"Yako kabisa, Tere."

"Na mimi nikairudisha." Akaangalia karai. "Vero, tungeenda wote."

Alilia akijipangusa kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na unga wa kuku, na mimi nikamshikia karai. Huo ndio msaada niliompa.

Mtaniambia angerudi chuo. Angerudi na karo ya nani? Mfuko ulikuwa umeisha. Mwaka uliofuata aliolewa huko huko, na ni mwanamke mzuri, ana watoto wazuri. Mama yangu alienda kwa Mama Tere kuomba msamaha na akapewa chai. Mimi programming imenilisha vizuri na sina ujinga wa kulalamika mezani nikiwa nimeshiba. Lakini harufu ya maabara, ile ya spirit na glasi iliyooshwa, bado nikiisikia hospitali natoka nje kidogo.

Somo langu, basi, kwa yule member mliyemcheka.

Ndugu yangu, weka while, au fetchAll kama lugha yako inayo. Prepared statement inakulinda na maneno mabaya ya mtu anayeandika kwenye fomu. Haikulindi na kile wewe mwenyewe unadhani kuhusu maisha ya watu. Kabla hujaamua jibu ni moja, nenda ukakae nao uulize wanaishije, wanatumia simu ya nani, anwani ya nani. Code ya Daudi haikuwa na error hata moja. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Na kwa nyinyi mnaopokea majibu ya mashine: nenda kaulize. Hata kama ni kwa mwajiri wa mama yako. Nilipaswa kwenda, na kama si ofisini, basi kwa Tere.

Semeni chochote hapa chini. Kama uliwahi kuambiwa hapana na screen ukaondoka bila kuuliza, nisimulie, nitasoma yote. Kama wewe ni wa Thika na uliomba mwaka huo kwa box ya watu, niandikie inbox, lakini fikiria kwanza kama kweli unataka kujua.

Jambo moja tu naomba. Mtu asiniandikie kwamba ilikuwa mipango ya Mungu. Tere huniambia hivyo kila tukikutana. Kisha anauliza kama watoto wangu ni wazima, namwambia wazima, na tunabaki tumesimama tukitafuta neno la pili.